Wimbo wa Taifa Mbele ya Viti Vitupu: Kisa cha Wasichana wa Butere

Asubuhi ya Alhamisi, Aprili 10, 2025, wasichana wa Shule ya Upili ya Butere walipanda jukwaani Kirobon, Kaunti ya Nakuru, katika tamasha la kitaifa la drama la shule, wakaimba wimbo wa taifa, wakashuka na kurudi kwenye basi lao. Hawakuigiza. Tamthilia waliyosafiri nayo kutoka Kakamega, Echoes of War, ilibaki vifuani mwao. Nje ya ukumbi polisi walikuwa wakirusha mabomu ya machozi kuwatawanya wananchi na waandishi wa habari.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na kwaya huku upande wa Kisumu. Nimepeleka watoto kwenye tamasha za muziki na drama kwa miaka mingi hata safari zenyewe sizihesabu tena. Video ya siku ile niliitazama kwenye simu ya mwenzangu katika chumba cha walimu, chai ikapoa mbele yetu. Nimeirudia mara nyingi tangu hapo, na naona mjadala mzima umeng'ang'ania maswali mawili: nani aliandika mchezo ule, na nani aliwatuma watoto wale. Swali langu ni jingine. Wasichana walikuwa na dakika chache jukwaani na wangeweza kusema lolote. Kwa nini walichagua wimbo ule, na maneno yake yanamdai nani?

Mambo yalivyofuatana

Tamthilia iliandikwa na Cleophas Malala, aliyewahi kuwa Seneta wa Kakamega. Ni hadithi ya nchi ya kubuni ambamo kizazi kipya na watawala hawaelewani. Mtazamaji Mkenya hangekosa kuona humo kivuli cha Juni 2024, vijana walipojaa barabarani Nairobi, Kisumu, Nakuru, Eldoret na kwingineko kupinga Mswada wa Fedha, hadi Juni 26 rais akatangaza kwamba hatautia saini. Shule iliondolewa kwenye orodha ya wanaokwenda tamasha la kitaifa. Kesi ikapelekwa kortini, na Aprili 3 Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu ya Kisii akaagiza wasichana waruhusiwe kushiriki.

Walifika Nakuru, basi, wakiwa na amri ya mahakama nyuma yao. Jioni ya Aprili 9 Malala alikwenda Kirobon kukutana na waigizaji wake, polisi wakamkamata, akalala kizuizini. Kulipokucha wasichana wakaambiwa ni zamu yao. Wakaingia ukumbini na kukuta hawana mwelekezi, hawana muziki wala vipaza sauti, mandhari ya jukwaa hayapo, na viti havina watu. Ndipo wakakataa. Waliwaeleza waandishi wa habari kwamba hawakujua wangemwigizia nani. Malala aliachiliwa siku hiyohiyo bila kufunguliwa mashtaka.

Mtu ambaye hajawahi kuandaa watoto kwa tamasha anaweza kudhani kipaza sauti na watazamaji ni mapambo tu. Hebu nieleze yanavyokuwa. Kabla ya kwaya kuanza, mwalimu husimama pembeni, akawapa watoto sauti ya kwanza kwa mguno mdogo ambao waamuzi hawausikii. Watoto huipokea, wakaishika kichwani, kisha wanainua macho. Hawamtazami mwalimu tena. Wanatafuta sura mbele yao: mama wa mwenzao, wanafunzi wa shule nyingine, dereva wa basi aliyejipenyeza nyuma ya ukumbi. Katika sekunde ile ndipo mtoto anaamua kama atatoa sauti yake yote au nusu. Nimeona kwaya nzuri ikinyong'onyea kwa sababu ukumbi ulikuwa mtupu saa ya chakula cha mchana, na hapo hapakuwa na polisi wala amri ya korti. Mahakama ilisema washiriki. Waliopaswa kutii wakawafungulia mlango na kuzima kila kilichofanya kushiriki kuwe kushiriki.

Na hii ndiyo sehemu ya kisa inayonikera zaidi ya ile ya mabomu. Bomu la machozi kila mtu analiona, linapigwa picha. Kunyimwa sauti ni ukandamizaji usio na moshi. Ofisa anaweza kusimama kesho akaapa kwamba hakumzuia mtu.

Wimbo walioimba

Wimbo wetu wa taifa ulitayarishwa 1963 na jopo la watu watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Sauti yake waliichota kwa Wapokomo wa Mto Tana, kutoka wimbo ambao mama humbembelezea mtoto. Huo ndio wimbo watoto wetu huimba paredi ya Jumatatu bendera ikipandishwa, wengine wakipiga miayo, na mimi mwenyewe nimeusimamia asubuhi nyingi nikiwaza daftari ambazo sijasahihisha.

Ubeti wa kwanza sote tunaujua:

Ee Mungu nguvu yetu
Ilete baraka kwetu
Haki iwe ngao na mlinzi
Natukae na undugu
Amani na uhuru
Raha tupate na ustawi

Nivae koti la mwalimu wa sarufi kidogo. Tazama vitenzi: ilete, iwe, natukae, tupate. Vyote vinaishia kwa -e, hali ya dhamira tegemezi, ile tunayoitumia kuomba, kuagiza au kudai jambo ambalo bado halijawa. Hakuna kitenzi hata kimoja kinachosema kwamba haki ipo tayari au kwamba ustawi tumeupata. Tena nafsi ni ya kwanza wingi. Tupate sisi, sote, na wala haikuandikwa wapate. Waliotunga maneno haya mwaka wa uhuru waliacha deni wazi ndani ya wimbo, na kila Jumatatu taifa zima husimama wima na kulisoma deni hilo kwa sauti.

Sasa weka maneno hayohayo katika vinywa vya wasichana wa sekondari, mwandishi wao katoka kizuizini au bado yumo hawajui, polisi mlangoni. Haki iwe ngao na mlinzi. Hapakuwa na haja ya kubadilisha hata silabi. Ndiyo maana nasema ule ulikuwa wimbo wa maandamano kamili, na pengine hakuna mwingine ambao ungefaa. Wimbo wa msanii wa mjini ungeweza kuitwa matusi au uchochezi. Wimbo wa taifa hata ofisa aliyekuja kuwazuia hulazimika kusimama wima ukiimbwa. Vijana wa 2024 walikuwa wameligundua hilo kabla yao. Waliuimba barabarani, bendera mabegani.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Wimbo huu umeandikwa ndani ya Katiba ya 2010, katika Jedwali la Pili, kwa Kiswahili na Kiingereza. Kwa hiyo neno ustawi limo katika kitabu kilekile chenye Kifungu cha 43, kinachompa kila mtu haki ya afya bora, makao, chakula cha kutosha, maji safi, hifadhi ya jamii na elimu. Kimo pia Kifungu cha 33, kinachotaja uhuru wa ubunifu wa sanaa. Na kimo kifungu ambacho ningependa kila mwanafunzi wa kidato cha nne akijue kama anavyojua ngeli, Kifungu cha 20(5). Kinasema kwamba serikali ikidai haina rasilimali za kutimiza haki hizo za Kifungu cha 43, ni juu ya serikali kuonyesha kwamba rasilimali hizo hazipo. Mama wa mtaa wa Nyalenda, hapa Kisumu, anayenunua maji kwa mtungi halazimiki kuthibitisha kwamba pesa zipo. Serikali ndiyo inayopaswa kufungua mkoba na kuonyesha kwamba ni mtupu. Kwa maneno mengine, msichana anaposimama jukwaani na kuuliza kwa nini zahanati yetu haina dawa, ameuliza swali la kisheria, na aliyewekewa mzigo wa kujibu ni dola.

Mwaka 2013, shule ileile

Kisa cha 2025 hakiwezi kueleweka bila kile cha 2013. Butere hiyohiyo, mwandishi huyohuyo, walikuwa na tamthilia Shackles of Doom, iliyogusa mgao usio sawa wa mali ya nchi na ukabila katika kazi na ardhi. Ikazuiwa kufika tamasha la kitaifa. Jaji David Majanja, marehemu sasa, akaamua waigize. Katika uamuzi wake alikumbusha kwamba hii ni nchi ambayo tamthilia zilipigwa marufuku zamani kwa kuitwa za uchochezi, akawataja waandishi wetu, akiwemo Francis Imbuga wa hapa Magharibi, kisha akasema haamini kwamba demokrasia ya Kenya ni dhaifu kiasi cha kutikiswa na mchezo wa wanafunzi wa sekondari.

Wiki chache baadaye, Mei 2013, Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilimkabidhi rais ripoti yake yenye kurasa zaidi ya 2,000. Humo tume iliyoundwa kwa sheria ya Bunge inasema kwamba kuna maeneo ya nchi yaliyotengwa kiuchumi na serikali zilizotangulia, na Nyanza na Magharibi zimo katika orodha pamoja na Kaskazini Mashariki na Pwani. Tuyaweke mawili haya ubavuni. Wasichana walizuiwa kusema jukwaani jambo ambalo dola lenyewe lilikuwa linaliandika kwenye ripoti mwaka huohuo. Kama walichosema ni uchochezi, ripoti ni nini?

Mizizi yake inafahamika. Sera ya serikali ya 1965, Waraka wa Kikao Nambari 10, ilisema wazi kwamba pesa za maendeleo ziende kwanza mahali zitakapozaa zaidi, yaani penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme tayari. Kwenye karatasi ni hesabu safi. Ardhini ilimaanisha kwamba aliyekuwa na reli na lami aliongezewa, na aliyekuwa hana akaambiwa asubiri matone. Wazee wetu walisubiri. Baadaye Katiba ikakiri kosa hilo kwa kuweka Hazina ya Usawazishaji katika Kifungu cha 204, nusu asilimia ya mapato ya taifa kila mwaka kwa miaka 20, ipeleke maji, barabara, afya na umeme kwa waliotengwa. Mtu haanzishi hazina ya kusawazisha mahali palipo sawa.

Ukija katika maisha ya kila siku, lawama hurushwa kama mpira. Uliza kuhusu zahanati, Nairobi watakujibu kwamba afya imegatuliwa. Nenda kwa kaunti, utaambiwa mgao umechelewa. Yote mawili huwa kweli kwa wakati mmoja, na mgonjwa yuko kwenye benchi. Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi kati ya serikali hizo mbili, ila Kifungu cha 21 kimefunga zote kwa wajibu mmoja wa kutimiza haki. Wimbo haukosei unapouliza kwa jumla.

Hoja ya upande wa pili

Wapo wanaosema kwa nia njema kwamba watoto walitumiwa. Malala ni mwanasiasa. Alikuwa Katibu Mkuu wa chama tawala hadi Agosti 2024, akaondolewa, ndipo tukaona tamthilia hii. Waziri wa Elimu, Julius Ogamba, alihoji anatafuta nini shuleni ilhali si mwalimu. Sitaki kuipuuza hoja hii. Mtoto ana haki ya kutofanywa ngazi ya mtu kupandia, na mzazi mwenye wasiwasi huo namuelewa. Ningekuwa mwalimu wao ningewauliza kila mmoja kando kama anaamini maneno anayoyasema.

Lakini sote tulio katika kazi hii tunajua jinsi inavyokwenda. Shule nyingi hukodisha waandishi na waelekezi wa nje kwa ajili ya tamasha, na wengi wao si walimu. Tuna makundi ya mashairi na nyimbo yanayodhaminiwa na taasisi za umma, maudhui yakiletwa tayari. Mtoto akisifu ulipaji kodi kwa ngonjera tamu, hapana anayeuliza nani kamwandikia. Anapewa kombe, na washindi huenda kutumbuiza mbele ya rais. Swali la nani aliandika huibuka tu pale maneno yanapouma. Kama ni kanuni, na iwe kanuni kwa nyimbo za sifa pia.

Tena kuna dharau ndani ya hoja ile, hata inapotoka kwa watu wema. Inachukulia kwamba msichana wa miaka 17 hana chake cha kusema kuhusu serikali. Msichana huyo ndiye aliyerudishwa nyumbani kwa karo wakati pesa za serikali kwa shule, ambazo kwa mpango ni shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya umma kwa mwaka, zilipochelewa. Ndiye aliyemsindikiza bibi yake hospitali baada ya SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya umma, kuchukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Ndiye atakayeomba nafasi ya chuo kikuu chini ya mfumo wa ufadhili ambao Mahakama Kuu iliutangaza kinyume cha Katiba Desemba 2024. Hahitaji seneta wa kumfungulia macho.

Na la msingi kuliko yote, asubuhi ile Malala hakuwepo. Uamuzi wa kukataa kuigiza na kuimba wimbo wa taifa ulifanywa na wasichana wenyewe, na ndio ulioshika nchi nzima. Sehemu pekee ya siku ile ambayo hakuna anayeweza kusema waliandikiwa ndiyo iliyosikika zaidi.

Ubeti wa tatu

Huku ziwani tunazijua njia za zamani. Daniel Owino Misiani, mfalme wa muziki wa benga aliyezaliwa Shirati ng'ambo ya mpaka na kufariki katika ajali ya barabarani Kisumu Mei 2006, aliwekwa ndani zaidi ya mara moja kwa nyimbo zake. Aliimba kwa mafumbo, wanyama na visa vya Agano la Kale, na wasikilizaji wa Kijaluo walimwelewa papo hapo. Serikali nayo ilielewa. Siku zile msanii alikamatwa baada ya kuimba. Mtindo mpya ni kupunguza wimbo kabla haujafika masikioni, na mara nyingi anayepunguza ni mtu kama mimi.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na kwaya ya shairi katika shule moja ndogo ya mchanganyiko. Beti tano. Ubeti wa tatu ulitungwa na msichana wa kidato cha pili, mfupi, mwenye sauti ya kati iliyokuwa na mkwaruzo kidogo. Ulihusu zahanati ya kwao. Alieleza dirisha la duka la dawa lenye nyavu za chuma, karatasi iliyobandikwa kwa selotepu imeandikwa HAKUNA, na jinsi selotepu ilivyogeuka rangi ya chai kwa kukaa pale muda mrefu. Katika mazoezi watoto wengine walikuwa wananyamaza wenyewe akifika kwenye ile selotepu.

Siku ya tamasha ngazi ya kaunti ndogo, mmoja wa wasimamizi aliniita kando. Alikuwa mpole. Alisema, "Mwalimu, shairi ni zuri sana, lakini ule ubeti wa tatu utoe. Wageni waliokuja leo si watu wa kuudhi." Nikamjibu, "Sawa." Nikarudi kwa watoto chini ya mti, nikawaambia turuke kutoka wa pili hadi wa nne. Yule msichana aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, kwani nilidanganya?" Nikamwambia hapana. Tukashika nafasi ya pili. Zahanati ile nilipita mwaka uliofuata, na karatasi ilikuwa imebadilishwa, mpya, nyeupe, neno ni lilelile.

Nilipowaona wasichana wa Butere wakikataa kuigiza mchezo uliokatwa mbawa, nilimkumbuka yeye. Wao walikataa kufanya kile ambacho mimi, mtu mzima mwenye mshahara na nambari ya TSC, tume inayoajiri walimu, nilikifanya bila kubisha. Wangeweza kuigiza kwa sauti ya koo mbele ya viti, wakapata alama zao, na kumbukumbu ingesema kwamba Butere ilishiriki. Walielewa kwamba kushiriki kwa namna ile kungekuwa kusaidia kuzima.

Wimbo hauleti dawa kwenye dirisha lile, najua. Unachofanya ni kuondoa kisingizio kwamba hapakuwa na aliyesema. Serikali iliyosikia ikanyamaza iko katika hali tofauti kisheria na serikali ambayo haikusikia, na nadhani hofu yote ya vipaza sauti inatoka hapo.

Muhula huu nina kwaya tena. Wavulana wawili na wasichana sita waliniletea shairi wiki iliyopita, limeandikwa kwa kalamu ya bluu kwenye kurasa za katikati za daftari la Hisabati. Linahusu daraja la miguu lililosombwa na mafuriko na watoto wanaovuka wakiwa wamebeba viatu vichwani. Nimesahihisha vina viwili na mizani ya mshororo mmoja. Mazoezi ni saa kumi jioni, na ubeti wa tatu nimeuacha mahali ulipo.